Stima ya Sabato Pale Sori

Watu hawaniamini nikisema kwamba piki ya stima ndiyo iliyonijulisha sauti ya mama yangu. Kuongea nilimzoea, maana mama anaongea, Mungu anajua. Lakini sikuwa nimewahi kumsikia akiimba peke yake. Piki yangu ya kwanza ilikuwa ya petroli, na kelele zake ukizibeba siku nzima unalala nazo masikioni. Hii nyingine haisemi kitu. Unawasha, unadhani imekataa, kumbe tayari mnakwenda. Basi Jumamosi alfajiri, tukitoka Sindo ziwa likiwa bado jeupe na barabara ikiwa ya ng'ombe peke yao, nilikuwa namsikia nyuma yangu akiimba pole pole, pumzi yake ikinigusa shingo. Nilikuwa napunguza mwendo makusudi ili wimbo uishe kabla ya kufika mlimani.

Kazi yangu ni omena, dagaa wa ziwani. Nachukua magunia ufuoni Sindo nawapelekea wateja wangu wa bara kwa piki hiyo hiyo. Wanaume wa stendi waliponiona nayo mara ya kwanza walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja akaniuliza kama hiyo piki ni ya watu au ni ya bubu. Nikamwambia afadhali bubu kuliko yeye. Tangu hapo wananiita Mama Bubu, na mimi nawaitikia, sina wakati wa kugombana na mtu ambaye piki yake inakunywa kuliko yeye mwenyewe.

Jumamosi haikuwa ya omena. Sisi ni Wasabato. Ijumaa jua likizama, kwetu kununua na kuuza kumekwisha mpaka jua lizame tena. Ugali unapikwa Ijumaa, samaki anapikwa Ijumaa, viatu vinang'arishwa Ijumaa. Jumamosi ni kanisa na ni watu wako. Na watu wa mama, waliobaki, walikuwa mtu mmoja tu: dada yake mkubwa, ambaye mimi namwita mama mkubwa, aliyeolewa kule Macalder.

Hao wawili walizaliwa karibu na Sori, hapo ziwani, katikati ya safari yetu. Mmoja akaolewa upande huu, mwingine upande ule. Kila tukipita Sori mama alikuwa ananionyesha njia waliyokuwa wanatumwa sokoni wakiwa wasichana, na kila mara ananisimulia jambo lile lile: kwamba pesa ilikuwa inashikwa na mkubwa, imefungwa fundo kwenye pembe ya leso, kwa sababu mdogo alikuwa anapoteza kila alichopewa. Alipoteza sarafu, alipoteza kijiko, siku moja alipoteza mbuzi. Basi mkubwa ndiye aliyelipa kila kitu, hata mandazi, na akishalipa anamgombeza mdogo njia yote mpaka nyumbani. Mama alikuwa akifika hapo kwenye hadithi anacheka hadi piki inayumba. Nilikuwa namwambia, mama, utatutupa ziwani.

Mama mkubwa maisha yake yote alisafisha dhahabu. Alikaa na karai lake kwenye maji machafu ya Macalder, anazungusha mchanga, anatafuta kitu kinachong'aa. Halafu akili ikaanza kumtoka. Ilianza na sufuria aliyoisahau motoni, ikaja kwa majina ya wajukuu, ikaja kwa mwanawe mwenyewe, ambaye siku nyingine alimdhania kuwa mchuuzi wa makaa. Lakini mama yangu, huyo hakumsahau. Tukiingia tu uani, kabla sijasimamisha piki, anasema kutoka kitini kwake, "Nyaminwa!" yaani dada yangu, na mama anashuka mbio na magoti yake mabovu. Sabato nzima wanashikana mikono. Nilikuwa nalala kwenye mkeka nikiwasikia, na sijui usingizi mwingine uliokuwa mtamu hivyo.

Sasa, betri ya piki hii haikubali soketi ya nyumbani. Inakubali mashine za kampuni iliyoniuzia tu, na wenyewe wana kituo kidogo Sindo na kingine Sori, zaidi ya hapo hakuna. Nikiwa nimembeba mama, na vyombo vya chakula, na upepo wa ziwa unatusukuma kifuani, betri ikijaa Sindo inanifikisha Sori ikiwa imebaki robo hivi. Tunachaji, tunakwenda Macalder, tunarudi Sori, tunachaji tena, tunakwenda nyumbani. Kituo cha Sori kina paa la sola na benchi kivulini, ukikaa hapo unaliona ziwa. Aliyekuwa anahudumu ni mwanamke Mkatoliki kutoka Mfangano, mcheshi, aliyevaa ovaroli ya kijani iliyomzidi. Alikuwa anatuletea maji ya kunywa. Anasema, "Haya watu wa Jumamosi, karibuni," anachomeka waya, na hakuna anayedai kitu. Ilikuwa bure. Wenye kituo walitaka tuzoee.

Nami nilijua. Mtu akikupa chai bure kila siku, ujue kuna siku anakuja na bei. Ilikuja Jumamosi moja asubuhi. Yule dada wa ovaroli alichomeka waya, akasimama badala ya kwenda zake, akatuambia kwamba kuanzia wiki inayofuata tutalipia, Sori na Sindo, kwa simu. Waendesha piki waliokuwepo wakapiga makelele, na mimi nikapiga kuliko wote. Nikasema mmetuvuta mpaka tumeuza piki zetu za petroli ndipo mnatubadilikia. Nikasema mengine ambayo hayafai siku ya Sabato. Yule dada akanisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Mimi nimetumwa tu, dadangu. Hata mimi mshahara wangu unatoka hapo." Nikaenda kukaa kando ya mama, maana ni kweli.

Tangu hapo, kwenda Macalder na kurudi, mama hakuimba.

Tulipofika nyumbani akavua viatu vyake vya kanisa, akavifuta, akasema, "Basi hatutakwenda tena."

"Kwani bei ni kubwa? Nitalipa mimi."

"Si bei. Ni Sabato. Siwezi kununua kitu siku ya Sabato."

"Mama, hiyo ni stima. Si sukari."

"Ikiwa bure ni kama maji ya ziwa, nachota. Ikilipiwa ni sukari."

Nilibishana naye wiki nzima. Nikamwambia twende Jumapili. Jumapili ndiyo siku ya kazi kwa Wasabato wote, akaniuliza omena itajianika yenyewe. Nikamwambia nitalipa mimi, dhambi iwe yangu. Akanitazama kwa namna ambayo nilirudi kuwa mtoto wa darasa la pili. Nikamwambia basi tumwombe mwana wa mama mkubwa, yeye ana piki ya petroli, awe anamleta huku. Hapo ndipo nilipomkasirisha kweli. "Mdogo ndiye anamwendea mkubwa," akasema. "Nimtume mtu anibebee dada yangu kama gunia? Ameniita lini mimi kwa kunitumia mtu?" Tena huyo binamu yangu anabeba mawe ya dhahabu kule Osiri, na wachimbaji hawana Sabato. Jumamosi ndiyo siku yake ya pesa. Yote hayo mama aliyajua.

Basi tukakaa. Jumamosi moja ikapita, na nyingine, na nyingine. Mama akawa anakwenda kanisa la hapa Sindo, anakaa karibu na dirisha, na jioni ananiuliza kama simu imelia. Siku moja ikalia kweli. Alikuwa mke wa binamu yangu. Nilikuwa nimeweka sauti kubwa kwa sababu mikono yangu ilikuwa na magamba, mama akiwa pale pale anachambua omena. Mke wa binamu akasema mama mkubwa hajambo, anakula. Halafu akasema leo ameitazama ile picha ya ukutani, ile ya mama akiwa na gauni jeupe, akauliza, "Huyu mama ni wa nani?"

Mama aliendelea kuchambua. Nilikata simu. Nikanawa mikono. Yeye bado anachambua, anatupa uchafu, anatupa uchafu, na nikaona sasa anatupa na omena nzima.

"Naogopa," akasema.

Sijawahi kumsikia mama akisema neno hilo. Alizika mume hakulisema.

"Akinisahau yeye," akasema, "ni nani mwingine anayejua kwamba mimi nilikuwa mtoto? Wote wamekwisha. Nitakuwa nimezaliwa mzee."

Nilikaa chini karibu naye, nikachambua na mimi.

Siku chache baadaye, pale kituo cha Sindo, nikasikia kwamba kuna bando ya siku moja: unalipa mara moja, unachaji utakavyo siku hiyo, Sindo au Sori. Nikakimbia nyumbani. Nikamwambia mama, nikilipa Ijumaa jua likiwepo, Jumamosi hakuna anayenunua. Imeshanunuliwa. Ni kama ugali wa Ijumaa. Mama akafikiri. Akakoroga uji, akafikiri tena. Akasema, "Ikiwa imenunuliwa Ijumaa, basi Sabato ni kuchota tu." Na akacheka! Ijumaa hiyo alipika samaki ngege mkubwa kuliko wote waliotoka majini, akasonga ugali, akavifunga kwa vitambaa viwili.

Bando nilinunua jua likigusa maji. Nilisubiri ufuoni na simu mkononi, watu wakidhani nangoja mchumba. Sikutaka kununua mapema nikapoteza masaa. Kwetu siku mpya inaanza jua likizama, tumefundishwa hivyo tangu hatujajua kusoma, jioni kwanza halafu asubuhi. Nikanunua dakika ile ile, siku inayoingia yote iwe yangu, mpaka jua lizame tena kesho. Nilijiona mjanja sana.

Asubuhi yake sitaisahau. Ukungu ulikuwa umekaa barabarani, tukawa tunaingia ndani yake na kutoka, tunaingia na kutoka, bila sauti. Mwanamke mmoja aliyebeba mtungi hakutusikia tukija, alituona tumeshampita, akasema "Yawa!" peke yake. Mama aliimba kutoka Sindo mpaka Sori. Alifika mwisho wa wimbo akaanza tena mwanzo. Kuna mahali nilihisi hatuko barabarani kabisa, kwamba ni mimi ndiye mtoto na yeye amenibeba mgongoni, na ziwa linapita lenyewe.

Sori yule dada akatuona, akapiga makofi. "Watu wa Jumamosi! Nilidhani mmehamia Uganda." Akachomeka waya. Taa ikawaka nyekundu. Akachomoa, akafuta, akachomeka. Nyekundu. Akatazama simu yake ya kazi, akaanza kucheka, halafu akaacha kucheka.

"Dadangu, ulinunua lini?"

"Jana. Jua likizama."

"Bando ya siku inaisha saa sita usiku."

"Saa sita usiku ni katikati ya siku!" nikasema.

"Kwenu," akasema. "Kwa mashine ndiyo mwisho. Umenunua usiku wa Ijumaa peke yake, na umeulala wote."

Nilisema siku gani hiyo inayokwisha watu wakiwa wamelala, hata kuku hajui. Niliigombeza mashine kama mtu. Dada wa ovaroli akataka kulipa mwenyewe, simu mkononi. Mama akamshika mkono kwa upole. "Asante, mwanangu. Lakini ukininunulia kwa sababu yangu, ni mimi nimenunua."

"Mama, hii betri haiwafikishi Macalder. Wala hamrudi Sindo."

"Najua."

"Mtakaa hapa mpaka jioni?"

"Kwani benchi linalipiwa?" mama akauliza. Akaenda akakaa, vyombo vya chakula mapajani, uso umeelekea barabara ya Macalder. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Nilizunguka nyuma ya kituo nikampigia binamu yangu. Sikuomba ruhusa. Hasira ilikuwa imenijaa. Nikamwambia tuko Sori, hatuwezi kuja wala kurudi, mama amekaa anatazama barabara, mlete mama yako. Nyuma yake nilisikia mashine za kusaga mawe. "Nina mawe ya watu hapa," akasema. Nikamwambia mawe hayana pa kwenda. Zile mashine zikasaga, zikasaga. Halafu akasema, "Haya."

Sijui tulingoja kwa muda gani. Kivuli cha paa kilitoka upande mmoja wa benchi kikaja upande mwingine. Piki za watu zilikuja, zikachomekwa, simu zikalia, watu wakalipa wakaenda. Ziwa lilikuwa limelala kabisa. Nadhani nami nilisinzia, kwa sababu niliona wasichana wawili wanapita na vikapu na mmoja anamgombeza mwingine, na nilipofumbua macho hapakuwa na mtu.

Tuliisikia piki ya petroli kabla ya kuiona. Mama akasimama. Binamu yangu alikuwa na vumbi jeupe la mawe mpaka kwenye kope, na mama mkubwa nyuma yake amefungwa kwake kwa leso asianguke, amevalishwa gauni la kanisa. Tukamfungua, tukamshusha. Mama akangoja lile neno moja. Magoti yake yalikuwa tayari.

Mama mkubwa akamtazama kwa adabu. Akanyoosha mkono. "Sabato njema, mama," akasema, vile unavyomsalimu mgeni kanisani.

"Sabato njema," mama akajibu, akaushika ule mkono kwa mikono yote miwili. Mimi nilitaka kung'ata mtu.

Walikaa benchini. Mama akafungua chakula, akamtolea miiba ya samaki, mama mkubwa akashukuru kila tonge. Akauliza, "Una watoto?" Mama akanionyesha, akasema, "Nina huyu." Mama mkubwa akasema nimefanana na watu wazuri. Waliimba, na ajabu nyimbo alizijua zote, mpaka beti ambazo kanisani tunaziruka. Halafu piki nyingine inakuja, simu inalia, na mama mkubwa anauliza, "Wanalipia nini hawa?" Mama anamjibu, "Wanalipia stima." Anatikisa kichwa. Baadaye anauliza tena, na mama anamjibu tena bila kuchoka. Mchana wote ulikwenda hivyo, na mama hakuuachia ule mkono hata akinywa maji.

Jua likashuka, likagusa maji, likazama. Binamu yangu akasimama, akamwinua mama yake, akawasha piki, akasema njia ya Macalder ni mbaya gizani. Dada wa ovaroli naye akaja na waya. "Haya, Sabato imekwisha. Nani ananilipa?"

Nikatoa simu. Mkono ukanizuia, mkavu, wenye nguvu.

"Weka hiyo," mama mkubwa akaniambia. Akavuta pembe ya leso yake, akaanza kufungua fundo kwa meno. Likafunguka. Ndani mlikuwa na sarafu chache na kipande cha nailoni kilichofunga vumbi, dhahabu au mchanga tu, sijui. Akampa yule dada yote. "Namlipia mimi. Huyu ni mdogo wangu. Ukimpa pesa anapoteza."

Dada wa ovaroli akapokea kwa mikono miwili. Ile nailoni akairudisha kwenye leso, sarafu akazitia mfukoni, akabonyeza simu yake mwenyewe bila kutazama mtu. Taa ikawa kijani.

"Nyaminwa," mama akasema.

"Eh, nini tena?" mama mkubwa akamgombeza. "Umepoteza nini sasa?"

Mama alimketisha tena dada yake kando yake, binamu yangu akazima piki bila kuambiwa, na mama akaniambia niache betri ijae kabisa.